Daraja la zege limezeeka: tulikarabati au tujenge jipya?

Siku mbili kabla ya Krismasi ya 2011, London ililifunga daraja la juu la Hammersmith, ambalo magari yapatayo 90,000 hulipita kila siku kuingia na kutoka upande wa magharibi wa jiji. Daraja hilo lilifunguliwa 1961. Nyaya za chuma zilizofichwa ndani ya zege, zile zinazovikaza vipande vyake vikae pamoja, zilikuwa zimeliwa na kutu. Wahandisi walilipima, wakalifunga, wakaongeza nyaya mpya, na kabla ya Olimpiki ya 2012 magari yalikuwa yanapita tena. Awamu ya pili ya kazi ilimalizika 2015, na daraja ni lile lile hadi leo.

Genoa, Italia, nako kulikuwa na daraja la rika hilo. Lilifunguliwa 1967 juu ya bonde la Polcevera, na wengi wanalijua kwa jina la mhandisi aliyelisanifu, Riccardo Morandi. Nalo lilikuwa na chuma kilichofichwa ndani ya zege, na chuma hicho kilikuwa kinaliwa. Tarehe 14 Agosti 2018, saa tano na dakika 36 asubuhi, mvua ikinyesha, nguzo namba 9 ilianguka pamoja na barabara yote iliyoibeba. Watu 43 walikufa. Zaidi ya watu 500 waliokuwa wakiishi chini yake walihamishwa, mabaki yakabomolewa, na daraja jipya likazinduliwa Agosti 2020.

Nimeanza na hayo mawili kwa sababu katika vikao vingi vya kuamua hatima ya daraja kuukuu, mazungumzo huanza na umri. Mmoja atasema, "Lina miaka hamsini, libomolewe." Mwingine atajibu, "Limesimama miaka hamsini, litasimama hamsini mingine." Wote wawili hawajalikagua. Hammersmith na Polcevera yamepishana miaka sita tu. Kilichoyatenganisha ni mahali ugonjwa ulipokuwa, ulikuwa umefika wapi, na kama kuna mtu aliyeusikia na kuchukua hatua kwa wakati.

Ninayaandika haya kwa mhandisi kijana wa wilaya, kwa diwani anayeletewa makadirio mawili mezani na kuambiwa achague, na kwa mwananchi anayepita kila siku chini ya boriti zenye madoa ya kutu akajiuliza kama kweli kuna anayeziangalia. Nitalinganisha njia nne: kuziba viraka, kutibu na kuimarisha kwa ndani, kupunguza mzigo, na kujenga daraja jipya.

Jua kwanza linaugua nini

Zege jipya lina alkali nyingi, pH (kipimo cha alkali na asidi) ya 12 hadi 13. Alkali hiyo huivalisha nondo ngozi nyembamba sana, na maadamu ngozi ipo, kutu haishiki hata zege likiwa na unyevu. Maadui wakubwa wa ngozi hiyo ni wawili, na tiba zao hazifanani.

Wa kwanza ni hewa ya ukaa. Hupenya taratibu kwenye vitundu vya zege na kuimaliza alkali. Kadiri inavyozama, mwendo wake unapungua: ikiingia milimita 10 katika miaka kumi ya kwanza, milimita 10 zinazofuata zitaichukua miaka kama thelathini. Ndiyo maana kava, yaani unene wa zege kati ya nondo na hewa, ina thamani kubwa kuliko inavyodhaniwa. Fundi akisahau kuweka biskuti, vile vipande vidogo vinavyoitenga nondo na ubao, siku ya kumwaga zege, nondo ikalala karibu na ubao, amelipunguzia daraja miongo ya uhai mahali pale, na hakuna atakayejua mpaka yeye mwenyewe awe amestaafu.

Adui wa pili ni chumvi. Ulaya na Amerika Kaskazini huimwaga wenyewe barabarani wakati wa baridi ili barafu isigande. Hammersmith lilipojengwa liliwekewa mfumo wa umeme wa kupasha barabara joto. Baadaye ikatumika chumvi, na maji ya chumvi hiyo ndiyo yaliyoteremka hadi kwenye nyaya. Kwetu chumvi huletwa na bahari. Daraja la Nyali pale Mombasa, lililochukua nafasi ya lile la kuelea mwaka 1980, na Daraja la Selander pale Dar es Salaam, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1920, yamekaa maisha yao yote katika hewa hiyo. Sehemu inayoumia zaidi si ile iliyozama majini muda wote. Ni pale maji yanapopanda na kushuka, zege likalowa na kukauka, likalowa na kukauka, na kila mara chumvi kidogo ikabaki ndani. Kuna pia chumvi iliyochanganywa tangu siku ya kwanza, pale mtu alipotumia mchanga wa ufukweni bila kuuosha. Hiyo haina mlango wa kuizuia, kwa sababu imezaliwa na daraja.

Chumvi haingoji alkali iishe, bali huitoboa ile ngozi ya nondo sehemu sehemu na kuchimba mashimo. Wahandisi wengi huchukua kloraidi, yaani ile sehemu ya chumvi inayoitoboa ngozi hiyo, ya asilimia 0.4 ya uzito wa saruji kuwa mpaka wa hatari. Na kutu ikishazaliwa hujaa kuliko chuma kilichoizaa, mara mbili hadi mara sita, hivyo inalisukuma zege kutoka ndani mpaka linapasuka na kubanduka.

Vipimo vya kuwatambua maadui hawa si vya kutisha, na gharama yake ni ndogo sana ukiilinganisha na kazi yenyewe. Cha kwanza ni nyundo. Pita chini ya daraja ukigonga: zege zima linalia kwa sauti kali na fupi, lililoachana na nondo linalia kama debe tupu. Kisha vunja kipande kidogo, nyunyizia fenolftaleini, dawa ya maabara inayobadilika rangi penye alkali. Palipo na alkali patageuka rangi ya waridi, palipokwisha patabaki vile vile. Pima kwa rula umbali kati ya mpaka huo na nondo. Toboa kwa drili, kusanya unga wa kila kina kivyake, upeleke maabara ukapimwe kloraidi. Halafu kuna kipimo cha volti kinachofanywa juu ya uso wa zege kwa kutumia elektrodi ya shaba: kikisoma chini ya milivolti -350, kwa kiwango cha Marekani kinachotumika sana, uwezekano wa kutu kuwa kazini pale ni zaidi ya asilimia 90.

Ukiletewa makadirio ya ukarabati au ya daraja jipya bila majibu ya vipimo hivi, yarudishe. Nasema hivyo bila kusita. Hakuna daktari anayepanga upasuaji kwa kumtazama mgonjwa kupitia dirisha la gari.

Kuziba viraka

Hii ndiyo njia ya bei ndogo, na ndiyo inayofanywa vibaya kuliko zote. Niliwahi kukagua daraja la barabara kuu ambalo mkandarasi alilipaka lipu ya saruji na mchanga chini ya boriti, juu ya kutu, bila hata kuikwangua, kisha akapaka rangi nyeupe. Lilipendeza. Masika mawili baadaye lipu ilidondoka, na safari hii ilidondoka pamoja na zege la zamani ambalo awali lilikuwa zima. Pesa ya umma ililipia mapambo. Jambo lile liliniuma na bado linaniuma, kwa sababu chini ya daraja hilo akina mama walikuwa wakiuza samaki.

Kiraka sahihi ni kazi nzito. Zege bovu linachimbwa mpaka nyuma ya nondo, kiasi cha kidole kimoja hivi kuingia, ili zege jipya liizunguke nondo pande zote. Kingo za shimo zinakatwa wima, zisiachwe zikififia kama makombo ya mkate. Kutu inasafishwa mpaka chuma king'ae. Nondo iliyopungua sana inaongezewa nyingine pembeni. Ndipo unajazwa mchanganyiko usiosinyaa, na unamwagiliwa au kufunikwa siku kadhaa. Kwenye jua la pwani, kiraka kisichomwagiliwa hupasuka kabla ya wiki kwisha.

Kuna jambo jingine, na hili hata wahandisi wazoefu hulisahau. Pale palipokuwa pameoza, ile nondo iliyokuwa ikiliwa ilikuwa ikiwakinga jirani zake bila kukusudia. Yenyewe inaoza, wao wanapona. Ukiitibu ile, jirani zake wanapoteza kinga. Kama zege linalowazunguka lina chumvi, kutu itahamia pembezoni mwa kiraka, na baada ya miaka michache utaona pete ya uozo imelizunguka zege lako jipya zuri. Mkandarasi atalaumiwa, pengine bila kosa. Dawa yake ni vidonge vya zinki vinavyofungwa kwenye nondo kando ya kiraka ili zinki iliwe badala ya chuma. Vinaongeza gharama kidogo, na mara nyingi ndivyo vinavyokatwa wa kwanza bajeti inapobanwa.

Basi viraka vinashinda wapi? Vinashinda bara, mbali na bahari, ambako adui ni hewa ya ukaa au kasoro za ujenzi kama matundu ya masega (zege lisiloshikana, lenye vishimo kama sega la nyuki) na kava nyembamba, na ugonjwa umeshika maeneo machache. Hapo kiraka kizuri pamoja na rangi ya kuzuia hewa na maji vinaweza kulitunza daraja muda mrefu sana. Kwenye zege lililojaa chumvi, viraka peke yake ni kununua miaka michache. Wakati mwingine miaka michache ndiyo unayoihitaji, lakini ijulikane hivyo tangu mwanzo, isiandikwe kwenye ripoti kuwa daraja limepona.

Kutibu na kuimarisha kwa ndani

Njia ya pili inakusanya tiba kadhaa. Ya kwanza ni kinga ya katodi: nondo zinaunganishwa na umeme mdogo, kwa kawaida milliampia 10 hadi 20 kwa kila mita ya mraba ya chuma, na umeme huo unazuia kutu hata kama chumvi imo ndani. Faida yake kubwa ni kwamba zege lenye chumvi lakini bado zima halihitaji kubomolewa. Unachimba palipovunjika tu. Kwa nguzo nene za daraja la pwani, hiyo inaokoa kazi kubwa.

Udhaifu wake ni kwamba inahitaji mtu. Lazima awepo anayesoma vipimo, anayebadilisha kifaa kilichoungua, anayelinda nyaya zisiibiwe. Mfumo uliozimika miaka mitatu bila mtu kujua ni sawa na kutokuwa nao. Kwa hiyo mahali ambapo sina uhakika wa mtunzaji, mimi huchagua zinki, ama vidonge ndani ya zege ama mabamba yanayofungwa kwenye nguzo. Haidumu kama mfumo wa umeme na hairekebishiki kwa kuzungusha kitufe, ila haihitaji bili ya umeme wala mlinzi.

Tiba nyingine ni kubandika mabamba ya nyuzi za kaboni chini ya boriti ili kuiongezea nguvu. Ni mepesi, hubandikwa kwa siku chache, na trafiki haisumbuliwi sana. Lakini kaboni haizuii kutu hata kidogo. Ukiibandika juu ya boriti inayooza, boriti itaendelea kuoza nyuma ya bandeji, na sasa hata huioni. Isitoshe, gundi yake inalegea kwenye joto kali. Chini ya madaraja yetu watu huchoma takataka, hukaanga mihogo, huweka makaa. Kabla ya kuichagua, simama chini ya daraja siku nzima uone kinachofanyika pale.

Sasa nikae kidogo kwenye madaraja yenye nyaya zilizovutwa, yaani nyaya za chuma zinazokazwa ndani ya zege kama zile za Hammersmith, kwa sababu hapa ulinganisho wote unapinduka.

Daraja la nondo za kawaida lina huruma: hutoa nyufa, madoa ya kahawia, vipande vinadondoka, yaani linalalamika kabla ya kuanguka. Daraja la nyaya zilizovutwa linaweza lisilalamike. Nyaya zake zimo ndani ya mirija iliyopaswa kujazwa uji wa saruji. Kama uji haukujaa, pakabaki mapango, maji na chumvi hukaa humo, na waya wenye nguvu kubwa ukiliwa kidogo tu hukatika. Nje zege linabaki limebanwa, jeupe, zuri. Desemba 1985 daraja dogo la Ynys-y-Gwas huko Wales lilianguka lenyewe hivyo, bila onyo. Uingereza ikasimamisha ujenzi wa madaraja mapya ya aina hiyo kuanzia 1992 hadi 1996, mpaka taratibu za ujazaji zilipoboreshwa. Septemba 2024 sehemu ya daraja la Carola mjini Dresden, Ujerumani, iliangukia mtoni usiku wa manane, dakika chache baada ya tramu ya mwisho kupita. Uchunguzi ulionyesha kwamba chuma cha nyaya zake kilikuwa na udhaifu wa kupasuka kikipata unyevu, na unyevu ulikuwa umekipata tangu wakati wa ujenzi, miaka ya 1967 hadi 1971.

Kwa daraja la namna hii, nyundo na fenolftaleini hazitoshi. Lazima mirija ifunguliwe sehemu zilizochaguliwa, macho yaone, na ikibidi vifungwe vifaa vya kusikiliza. Hammersmith lilifungwa vifaa vya kusikiliza, na vikanasa mlio wa nyaya zikikatika moja baada ya nyingine ndani ya zege. Ndivyo lilivyowahiwa. Genoa, nyaya zilizolibeba daraja zilikuwa zimevikwa zege kabisa, hazionekani. Morandi mwenyewe mwaka 1979 aliandika akionya kuhusu hewa ya bahari na moshi wa viwanda kulila daraja lake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nguzo namba 11 iliongezewa nyaya za nje za chuma. Namba 9 haikuongezewa. Mpango wa kuiimarisha ulikuwa umekwisha andaliwa, kazi ikawa bado haijaanza.

Ndani ya daraja moja, basi, tuna ulinganisho ambao hakuna aliyeutaka: nguzo iliyotibiwa ilibaki imesimama mpaka ilipolipuliwa kwa makusudi Juni 2019, na iliyosubirishwa iliua watu.

Uamuzi wangu hapa ni huu. Nyaya zikiwa zimekatika chache na sehemu zinafahamika, kuongeza nyaya za nje kunafaa, na kuna faida ya ziada, kwani za nje zinakaguliwa kwa macho na zinabadilishwa. Kama haiwezekani kujua zimebaki ngapi, usiamini hesabu yoyote ya ukarabati. Funga au punguza mzigo, uanze mara moja kupanga jipya.

Kupunguza mzigo

Wengi hawaihesabu hii kuwa njia, nami naihesabu, kwa sababu ndiyo pekee inayoweza kuanza leo jioni. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu gari hadi tani 56 kwa jumla. Daraja lililosanifiwa miaka ya 1950 au 1960 halikuwazia lori la namna hiyo, seuze malori mawili yanayopishana katikati ya daraja na la tatu likiyafuata nyuma.

Kuruhusu lori moja moja, kuyapitisha katikati badala ya ukingoni, kupunguza mwendo ili lisirukeruke kwenye maungio ya vipande vya daraja: hatua hizi zinapunguza sana mateso ya boriti. Lakini kibao peke yake hakizuii lori. Dereva aliyepita mizani kihalali ataona tani 56 kwenye karatasi yake na ataendelea. Inabidi kuwe na mtu, kizuizi, na njia ya mchepuo inayopitika. Kama mchepuo unaongeza kilomita 120 za vumbi, zuio litavunjwa usiku. Kwa hiyo njia hii naipenda kama daraja la kuvukia kwenye uamuzi mwingine. Ikishafika mwaka wa tatu bila uamuzi huo, imegeuka kuwa kusubiri, na kusubiri ndiko kulikotokea Genoa.

Kujenga jipya

Kuna hali ambapo ukarabati, hata ukifanywa kwa ustadi wote, hauna la kujibu.

Ya kwanza ni daraja kutotosha. Daraja la zamani la Wami, kwenye barabara ya Chalinze kwenda Segera, lilijengwa 1959. Lilikuwa jembamba kiasi cha gari kusubiri gari, na barabara ilishuka kulifikia kwa mteremko mkali. Ungeweza kulitibu kila nondo na bado mabasi yangepata ajali pale pale. Jipya lilianza kutumika 2022 juu zaidi na pana zaidi, na hilo lilikuwa chaguo sahihi. Dar es Salaam, Selander lilizidiwa na foleni. Jibu likawa Daraja la Tanzanite, lenye urefu wa zaidi kidogo ya kilomita moja, likapita baharini kando yake mwaka huo huo wa 2022, na Selander likaendelea na kazi. Hii ya kujenga kando na kuliacha la zamani naiona nzuri mara nyingi kuliko kubomoa, kwa sharti moja: la zamani libaki kwenye bajeti ya matengenezo. Daraja lililopunguziwa magari haliachi kuliwa na chumvi.

Hali ya pili ni mto. Maji yanapokwenda kasi huchimba udongo chini ya misingi, na duniani kote mafuriko na uchimbaji huo ni miongoni mwa sababu kubwa zaidi za madaraja kuanguka, kuliko kutu. Mei 2024, mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya ziliikata barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi eneo la Somanga, na mikoa ya kusini ikatengwa. Ukikuta daraja ambalo maji ya masika yanagusa boriti, au mto umehamia upande wa nguzo ya kando, usitumie fedha kupendezesha zege. Misingi mifupi inaweza kulindwa kwa mawe makubwa na gabioni, yaani makasha ya waya yaliyojazwa mawe. Uwazi wa kupitisha maji uliokuwa mdogo tangu mwanzo hauongezeki kwa viraka.

Hali ya tatu nimekwisha itaja: nyaya zilizofichika zisizohesabika tena.

Nje ya hizo, niko mwangalifu sana na hamu ya kujenga jipya. Miaka kadhaa hupita kati ya uamuzi na kukata utepe: usanifu, fidia, mkopo, zabuni, misingi. Katika miaka yote hiyo la zamani linabeba malori, na mara nyingi limeshaondolewa kwenye bajeti kwa hoja kwamba "linajengwa jipya". Hicho ndicho kipindi cha hatari kuliko vyote. Na jipya likijengwa kwa tabia za zamani litaugua kama la zamani. Waliojenga Genoa baada ya msiba waliweka mitambo ya kukausha hewa ndani ya daraja na roboti za kulikagua.

Hesabu ya fedha

Mwaka 1984 mhandisi de Sitter alitoa kanuni ya tano tano, ambayo bado inanukuliwa: shilingi moja isiyotumika kwenye ujenzi mzuri itadaiwa shilingi 5 za matengenezo kabla kutu haijaanza, 25 za ukarabati ikishaanza, na 125 ikifika pa kubomoa na kuanza upya. Si bei za sokoni, ni mwelekeo, na mwelekeo huo nimeuona kwa macho yangu.

Tatizo ni kwamba fedha hizi hazitoki mfuko mmoja. Tanzania, kwa mfano, matengenezo yanategemea zaidi tozo ya mafuta kupitia Mfuko wa Barabara, na madaraja makubwa mapya yanategemea bajeti ya maendeleo na mikopo. Matokeo yake ni rahisi zaidi kupata mabilioni ya kujenga kuliko milioni chache za kuzibua mabomba ya maji. Unapolinganisha makadirio mawili, yaweke yote kwa kipindi kimoja, tuseme miaka 40, na ndani yake uhesabu gharama ya malori kuzunguka, ya wagonjwa kuchelewa, na ya kulibomoa la zamani. Makadirio ya jipya husahau kubomoa. Ya ukarabati husahau kwamba viraka vitarudiwa.

Ningechagua hivi

Daraja la nondo za kawaida, bara, lenye madoa machache: viraka sahihi, rangi ya kinga, ukaguzi kila mwaka. Sina shaka nalo.

Daraja la pwani ambalo chumvi imefika kwenye nondo lakini boriti bado zina nguvu: zinki au umeme pamoja na viraka, usikubali viraka pekee. Kama nguvu imekwisha pungua, zuia malori mazito wakati ukilinganisha kuimarisha na kujenga kando.

Daraja la nyaya zilizovutwa lililozidi miaka 30 ambalo mirija yake haijawahi kufunguliwa: usichague chochote bado. Tafuta fedha za uchunguzi, hata kama zitakula sehemu ya bajeti ya mwaka mzima.

Daraja lililozidiwa na mto: jipya, refu na la juu zaidi.

Na liwe lolote kati ya hayo, kuna kazi moja isiyongoja kikao. Panda juu ya daraja uangalie maungio na matundu ya kutolea maji. Mpira wa ungio ukichanika, maji machafu yanateremka moja kwa moja juu ya vichwa vya nguzo na kwenye ncha za boriti, mahali ambapo mtu hafiki kwa urahisi na ambapo boriti inakalia. Nimeona vichwa vya nguzo vimeoza huku katikati ya daraja kukiwa kuzima kabisa, kwa sababu ya ungio moja na mabomba manne yaliyoziba kwa mchanga na chupa za plastiki. Vijana wanne wenye majembe na fimbo ndefu huyazibua kwa siku moja. Wapelekwe kabla mvua za masika hazijaanza, na warudi tena kabla ya vuli.